Jiwe la chini

Kiangazi cha mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na siku ya kuhama nilipewa kazi moja tu: kupakata jiwe la juu la kusagia la bibi, ndani ya gunia la michembe, lisije likavunja vyungu garini.

Tulikuwa kaya 11, huko Shinyanga. Misonge ilitawanyika, kila mmoja na ua wake wa minyaa, na kati ya nyumba na nyumba mashamba ya mtama na pamba. Tulipaita Minyaani, na sote tulikuwa ndugu au wakwe. Kijiji kikubwa cha jirani kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Tulikwenda huko kuuza pamba na kuzika, basi.

Habari za vijiji vya ujamaa zilikuwapo tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ila kuhamia kulikuwa kwa hiari. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekwisha nchi nzima kufikia mwisho wa 1976. Kwetu hawakungoja 1976. Balozi wa nyumba kumi alipita jioni moja, akakaa kwa babu muda mrefu bila kugusa togwa aliyowekewa. Gari lingekuja keshokutwa asubuhi.

Baba na baba zangu wadogo walishusha mapaa wenyewe ili fito zisalimike, maana tulishasikia kwamba kwingine nyumba za waliochelewa zilichomwa moto. Ule mchakacho wa nyasi kavu zikiporomoka ninausikia hadi leo. Kihenge cha babu hakikuwa kitu cha kupandishwa garini. Kilipasuliwa pale pale, mtama ukatiwa magunia, na mwingine ukamwagika. Ulikuwa wakati wa njaa, mvua zilikuwa zimekataa, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona babu akitazama nafaka chini asiiname kuokota.

Kijana aliyekuja na gari alikuwa na daftari. Alimwamkia babu kwa adabu, akauliza majina, watu wangapi, ng'ombe wangapi. Babu alimchungulia begani. Kusoma hakujua, lakini alitaka kusomewa.

"Umeandika tunatoka wapi?"

Kijana akasoma jina la kijiji cha jirani.

"Huko ndiko tunakokwenda, mwanangu. Minyaani umeiandika wapi?"

Kijana akaligeuza daftari, akalitazama juu mpaka chini kama anayetafuta kweli. "Hapana pa kuiandika, mzee wangu."

Bibi yeye alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe lake la chini. Lilikuwa limezama ardhini, limechimbika katikati kwa mikono ya mama mkwe wake na yake mwenyewe. Wanaume wanne walilitikisa, halikusogea, na dereva alikuwa anapiga honi. Bibi akalifuta unga kwa kiganja, akainuka, akanikabidhi lile la juu.

Kijijini tulikuta viwanja vimepigwa vigingi kwa mstari, nyumba zikitazamana. Sheria iliyotungwa mwaka uliofuata ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, kwa hiyo 11 zetu zisingesimama peke yake kwa vyovyote. Shule ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu, na humo ndimo nilimojifunzia kuandika haya. Nalisema kwa moyo mmoja, ni deni ninalolikubali.

Lakini bibi alikaa wiki nzima akiazima jiwe la chini kwa jirani, na jiwe lake la juu halikuingia. Mawe hayo hulika pamoja miaka mingi. La huku lilikuwa na bonde jingine. Unga ukawa unatoka chenga. Tulikula ugali wa chenga, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Mwaka jana nilikwenda Minyaani. Shamba la babu lilikwishagawiwa mtu mwingine, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji wa aina hiyo uliofanywa kati ya 1970 na 1977. Sina ugomvi na mwenyewe. Hata yeye alihamishwa, kutoka upande mwingine. Aliponisikia natafuta jiwe alinishika mkono, akanipeleka moja kwa moja katikati ya matuta.

Lilikuwa pale. Tuta lilikuja likalikwepa, likaendelea mbele. Alisema plau yake ya kwanza ilipinda hapo, tangu siku hiyo ng'ombe wenyewe wanajua kupita kando.

"Sikutaka kuling'oa," akasema. "Nilijua lina mwenyewe. Hapa palikuwa panaitwaje?"

Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, taratibu, apate kulishika.