Kuchinotsu, bandari ya kushukia na kupandia

Ukimtajia mtu wa kwetu Unguja jina la Nagasaki, analojua ni bomu. Haki yake: tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, haisahauliki. Lakini Nagasaki ni mkoa pia, si mji tu, na mie tangu nije huku kusoma nimeshawachosha wenzangu kwa bandari moja ndogo iliyo mbali na mji wenyewe. Inaitwa Kuchinotsu.

Kwanza muione ramani. Kwa nchi kavu mkoa huu umepakana na mkoa mmoja tu, Saga. Kwengine kote ni maji. Ni kama pweza aliyetupwa mwambani: rasi huku, ghuba kule, na visiwa visivyokwisha. Hesabu mpya ya serikali ya mwaka 2023 ilivifikisha zaidi ya 1,400, mkoa ukaipita Hokkaido, mkoa wa kaskazini kabisa ya Japani, chupuchupu. Kimoja wapo, kisiwa cha Tsushima, kiko karibu zaidi na Korea kuliko na Kyushu, kisiwa kikubwa ambacho ndipo mkoa huu ulipo.

Kuchinotsu iko ncha ya kusini ya rasi ya Shimabara. Siku hizi reli inaishia mji wa Shimabara, baadaye unapanda basi. Kushoto bahari ya Ariake, kulia mlima wa volkano wa Unzen, ambao sipendi kuupa mgongo. Mwaka 1792 ubavu wa Mayuyama, kilima kilicho mbele yake, uliporomoka baharini, na wimbi lake likapiga huku na ng'ambo ya Higo, Kumamoto ya leo. Walikufa watu kama 15,000. Juni 1991 Unzen iliua tena, watu 43.

Sasa bandari. Mwaka 1579 alishuka hapa Alessandro Valignano, mkubwa wa Wajesuiti, wamisionari wa Kikatoliki, na katika msafara wake alikuwemo mtu mweusi ambaye Wajapani walimwita Yasuke. Kitabu cha Mjesuiti mmoja cha 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Miaka miwili baadaye Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu kuliko wote Japani wakati ule, alimwona Kyoto, akaamuru avuliwe nguo na asuguliwe, eti rangi itoke! Haikutoka, na Nobunaga akamchukua awe mtu wake. Siku hizi Yasuke ana wapenzi dunia nzima, wengine wakigombana mitandaoni kama alikuwa samurai kweli au la. Mie sina haja na ugomvi huo. Linalonishika ni kwamba mtu wa pwani yetu ya chini alikanyaga jiwe la gati hili.

Wakati huo rasi nzima ilikuwa ikiingia Ukristo. Baadaye dini ikapigwa marufuku, kodi zikapanda, na mwaka 1637 wakulima wakaasi. Walijifungia katika magofu ya ngome ya Hara, si mbali na hapa, wakauliwa karibu wote. Aliyesalimika anayejulikana ni mchoraji Yamada Emosaku, mtu wa Kuchinotsu, aliyekuwa akipeleka habari kwa jeshi la serikali lililowazingira. Vijiji vilibaki vitupu, ikabidi waletwe walowezi kutoka kwengine.

Na sasa upande wa kuondoka. Enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) makaa ya mawe ya Miike, machimbo ya ng'ambo ya bahari ya Ariake, yalipitia hapa kwenda ng'ambo, kwa sababu Miike kwenyewe maji yalikuwa machache na meli kubwa haziingii. Mawakala wakawatia wasichana wa Shimabara na wa visiwa jirani vya Amakusa ndani ya meli hizo, kwa siri, gizani, juu ya makaa. Wengi walikuwa watoto wa mafukara, wakapelekwa kwenye madanguro ya Singapore na kwengineko. Wanaitwa karayuki-san. Mjini Shimabara kuna hekalu lenye uzio wa nguzo za mawe, zimechongwa majina ya waliochanga pesa, na wanawake hao wamo, pamoja na miji waliyokuwako. Nilisimama nikapapasa herufi kwa kidole, nyingine zimelika.

Wachache walifika mpaka Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwako Mji Mkongwe, na biashara yao ilidumu miaka mingi. Watafiti wa Kijapani wameandika habari zao; kwetu nyumbani sijapata kusikia mtu akiwataja. Wazee wa Shangani, Malindi, Funguni: kama bibi yako aliwahi kusimulia habari za wanawake wa Kijapani, niandikie hapa chini, hata kama ni sentensi moja.