Siku Tuliyopimana Vichwa

Mhadhiri wetu alikuwa mtu wa kuchelewa, lakini siku ile tulimkuta maabarani katutangulia, amekunja mikono ya shati, anapangusa vumbi kwenye sanduku la mbao. Ndani yake, juu ya kitambaa cha kijani kilicholiwa na nondo, mlikuwa na chombo cha chuma chenye mikono miwili iliyopinda kuelekeana kama pembe za ng'ombe wa Ankole, na katikati yake rula nyembamba ya milimita. Tulikuwa mwaka wa pili wa akiolojia, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 2000, na wiki iliyotangulia tulikuwa tumepewa mifupa ya swala. Tulitegemea swala wengine.

"Leo mifupa ni yenu wenyewe," akasema. "Mtapimana vichwa."

Kicheko kikazuka. Kijana mmoja wa Songea, Mngoni, ambaye tangu mwaka wa kwanza alijichukulia kuwa kazi yake chuoni ni kunitania mimi, akawahi: "Daktari, tuanze na huyu Mhehe. Kichwa cha kwao Wazungu walikichukua wakakaa nacho miaka hamsini na ushee. Hiki chake watakirudisha kabla hakijavuka geti la bandari."

Nami nikamjibu kama mtani anavyojibiwa, maneno ambayo hapa siyaandiki.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unaweka ncha moja ya chombo katikati ya nyusi, nyingine unaitembeza kisogoni mpaka ipate pale palipochomoza zaidi: huo ndio urefu. Kisha unapima upana juu ya masikio, pale kichwa kilipotanuka kuliko pengine pote. Upana unaugawa kwa urefu, unazidisha kwa 100. Ukipata chini ya 75, wewe una kichwa kirefu. Kati ya 75 na 80, kichwa cha kati. Kuanzia 80, kichwa kifupi. Basi. Juu ya hesabu hiyo ya darasa la sita watu wazima wenye shahada zao walijenga maktaba nzima.

Kuifanya ndiko kulikotutoa jasho. Wasichana wawili walikuwa wamesuka rasta nene, na kila chuma kilipogusa kisogo tulibishana kama tunapima fuvu au tunapima saluni. Mmoja alibana chombo, mwingine alikilegeza. Yule Mngoni alipimwa na watu wawili: wote walipata urefu wa milimita 190, lakini upana mmoja akasoma 142, wa pili 143. Tukapiga hesabu. Kwa 142 anatoka 74.7, mwenye kichwa kirefu. Kwa 143 anatoka 75.3, wa kundi jingine kabisa.

"Kwa hiyo mimi nimehama mbari kwa milimita moja?" akauliza.

"Wamehamishwa wengi kwa kidogo kuliko hicho," mhadhiri akasema.

Alitusimamisha katika mistari mitatu. Vichwa virefu walikuwa wengi, nami nikiwemo. Vya kati walikuwa wachache. Kwenye mstari wa vichwa vifupi alisimama kijana mmoja tu, Mpemba, akatazama kushoto na kulia, akasema kwa utulivu, "Mimi ndiye kabila zima."

Hapo ndipo tuliposimuliwa habari za Anders Retzius, Msweden wa miaka ya 1840, aliyebuni hesabu hiyo ili apange watu wa Ulaya. Waliomfuata wakaipenda kupita kiasi, na baadhi yao wakaanza kukisifu kichwa kirefu kuwa ni cha watu wa Skandinavia, watawala kwa kuzaliwa. Yote yalikwenda vizuri mpaka vyombo vilipopakiwa melini. Wakapima Afrika Magharibi: virefu. Wasomali: virefu. Wenyeji wa Australia: virefu. Kichwa kikawaweka Msweden na Mwafrika katika mstari mmoja, kama nilivyokuwa mimi na mtani wangu dakika ile.

"Sasa ungekuwa wewe ndiye umeshatangaza kwamba watu hawa hawawezi kuwa kundi moja," mhadhiri akauliza, "ungefanyaje?"

Dada mmoja wa Ngara, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akajibu: "Ningepima pua."

Mhadhiri akamtazama kwa muda, kisha akamkabidhi chombo kidogo cha pua. Yeye badala ya kuanza na sisi akamwendea mhadhiri mwenyewe. "Kaa, Daktari." Na Daktari akakaa kwenye stuli, akafumba macho, akapimwa upana wa matundu, akapimwa urefu kutoka mzizi wa pua hadi chini, namba zake zikaandikwa ubaoni kabla ya za mtu yeyote. Sijawahi kuona mhadhiri mwingine akikubali hivyo.

Pua nayo ina migawo yake mitatu: chini ya 70 ni nyembamba, 70 hadi 85 ni ya kati, zaidi ya hapo ni pana. Na milimita moja ina nguvu zaidi hapa kuliko kichwani, maana pua ni ndogo. Pua yenye urefu wa milimita 50 na upana wa 42 ni ya kati. Iongezee milimita moja ya upana, imekuwa pana. Ukicheka wakati unapimwa, umebadilika.

Tulipopangwa upya kwa pua, mistari ya kwanza ilisambaratika. Mpemba akapata ndugu. Mimi na Mngoni tukaachana, yeye akaenda kwenye pua pana akinipungia mkono, mimi nikabaki kwenye za kati pamoja na mhadhiri na msichana wa Kichaga ambaye kwa kichwa alikuwa upande mwingine. Hakuna hata watu watatu waliotoka mstari mmoja wakaingia mstari mwingine pamoja. Tulikuwa tumepimwa kwa uangalifu, kwa vyombo vya kweli, na majibu mawili yalikuwa yanapingana waziwazi mbele yetu.

Nilichokiona pale, na nimekishikilia hadi leo, ni kwamba milimita hazikuwa na kosa. Kichwa changu kweli kina urefu ule. Kosa liko kwa mtu mwenye jibu tayari mfukoni, anayechagua kiungo kitakachokubaliana naye. Kichwa kikimkatalia anahamia puani, pua ikimkatalia anahamia kwenye kimo, na akikosa kote anasema "sura kwa ujumla", kitu ambacho hakuna rula ya kukipima.

Yule dada wa Ngara alirudisha chombo sandukuni, akaanza kusimulia, bila kuombwa. Bibi yake mzaa mama alizaliwa Rwanda, akavuka mto akiwa msichana. Huyo bibi alikuwa akisema kwamba enzi za Wabelgiji baba yake aliitwa kuandikishwa, akatazamwa usoni kwa muda mrefu kuliko alivyoulizwa maswali. "Kwetu," akasema, "pua ilikuwa na karatasi yake."

Hakuongeza sana, na hatukumchokonoa. Mhadhiri ndiye aliyejaza yaliyobaki, taratibu. Kwamba mwaka 1863 John Hanning Speke, katika kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile, aliandika kuwa watawala wa nchi za maziwa makuu ni wageni waliotoka Uhabeshi, maana hakuweza kukubali kwamba falme zile zilijengwa na wenyeji. Kwamba dhana hiyo ya Wahamiti, yaani hao wageni waliodhaniwa kuleta utawala, ilikuwepo kabla kipimo chochote hakijawekwa kwenye kichwa cha Mnyarwanda. Kwamba miaka ya 1930 Wabelgiji waliandikisha watu wakawapa vitambulisho vyenye Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na maandishi hayo yakabaki kwenye vitambulisho mpaka 1994, yakasomwa vizuizini na watu wenye mapanga. Na kwamba Jean Hiernaux, mtaalamu wa Kibelgiji aliyepima watu Rwanda na Burundi miaka ya 1950, alikuta vichwa haviwatenganishi Wahutu na Watutsi kwa lolote la maana. Kilichotofautiana zaidi, kwa wastani tu, kilikuwa kimo na upana wa pua. Wastani, alirudia. Ukimchukua mtu mmoja barabarani wastani haukwambii yeye ni nani.

Mtu akauliza kama basi pua ndiyo yenye ukweli. Mhadhiri akatikisa kichwa. Pua hufuata hewa, akasema: kazi yake ni kuipasha joto na kuilowesha hewa kabla haijafika mapafuni, na Waingereza Arthur Thomson na Dudley Buxton walishaonyesha mwaka 1923 kwamba upana wake duniani unakwenda na joto na unyevu wa mahali. Kichwa nacho hakitulii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Franz Boas alipima karibu watu 18,000 Marekani, wahamiaji na watoto wao. Watoto wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliozaliwa kule walikuwa na vichwa virefu kidogo kuliko wazazi wao, na wa Wasisilia vifupi kidogo kuliko wazazi wao. Kizazi kimoja, mama yuleyule na baba yuleyule, na alama iliyodaiwa kuwa haibadiliki imebadilika.

Ningetosheka kurudi bwenini na hayo. Lakini yule msichana wa Kichaga, ambaye kwao Old Moshi bado wanamtafuta Mangi Meli, chifu wao aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900 na kichwa chake kisionekane tena, akaninyooshea kidole. "Na lile fuvu la kwao Kalenga, Daktari? Lilijulikanaje kuwa ndilo?"

Mimi nilikuwa nimeliona fuvu la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tangu shule ya msingi, kwenye sanduku lake la kioo, tukipita foleni na soksi zimeshuka. Nilijua vita vya Lugalo vya 1891, nilijua kwamba alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, nilijua kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu ndani ya miezi sita. Fuvu lilivyotambuliwa sikuwa nimewahi kujiuliza. Mtoto hajiulizi swali kama hilo mbele ya kioo.

Mhadhiri akakinyanyua tena kile chombo chenye pembe, akakishika bila kusema kitu kwanza.

Mwaka 1953, akasema, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Kulikuwa na mafuvu 2,000 hivi. Yaliyoandikwa kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikuwa 84. Jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai walikuwa wamepimwa vichwa, na mafuvu yenye vipimo vinavyokaribiana na vyao yakatengwa kando. Katika hayo moja lilikuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake.

"Na vipimo vile," akauliza yule wa Ngara, "si virefu kama vya nusu ya darasa hili?"

"Ndiyo."

Mngoni hakutania. Alinitazama mimi, na nadhani alikuwa anangoja nianze mimi.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Chombo kilekile kilichofanya vichwa vya watu vikatwe, vichemshwe na kupelekwa Ulaya kwa maelfu kujaza rafu za watu kama Felix von Luschan wa Berlin, ndicho kilichotumika kuturudishia mtu wetu. Na hakikuwa na uwezo wa kumtambua. Kilichoweza, labda, ni kusema fuvu fulani haliwezi kuwa lake. Tundu la risasi lilikuwa ushahidi wenye uzito zaidi kuliko hesabu yote ile, na nalo, katika nchi iliyopigana miaka yote hiyo, halikuwa tundu la kipekee. Miaka mingi baadaye, mwaka 2023, watafiti wa Berlin walipotangaza matokeo ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yao ya Rwanda, kwa machache walitumia vinasaba, na wakampata Akida, mshauri wa Mangi Meli, kwa kulinganisha na jamaa zake walio hai. Meli mwenyewe hakupatikana. Nilimfikiria yule msichana wa Kichaga siku niliyosoma habari hiyo.

Jioni ile nilinunua vocha nikampigia babu, mdogo wake babu yangu mzaa baba, ambaye mwaka 1954 alikuwa mtoto na alibebwa mabegani Kalenga siku fuvu lilipofika.

"Kamwene, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba, nikamweleza yote: chombo, Bremen, mafuvu 84, tundu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikamuuliza kama anaamini ndilo.

"Wazee waliomjua walikuwa wangali hai," akasema. "Walilipokea, wakalia. Mimi nililia kwa sababu baba alilia. Sasa unataka nimwambie baba alimlilia mtu mwingine?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Akaniuliza mimi nilipimwa nikaonekana ni nani.

"Kichwa kirefu, babu. Pua ya kati."

"Hiyo pua ni ya mama yako," akasema, "na mama yako ni Mbena wa Njombe. Mwambie mwalimu wako asituandikie sisi."