Tulivyoandaa tamasha la bure Mang'ola

Nafundisha shule ya msingi upande wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Darasani kwangu wamo watoto wa Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadzabe wachache, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwanzoni mwa 2018 nilimsikia mtoto akimwita mwenzake "Mtindiga". Yule aliyeitwa akainuka, akatoka, na hakuonekana siku tatu. Hilo ni jina walilobandikwa na wengine. Wenyewe hujiita Wahadzabe. Ndipo nikaanza kuwaza tamasha lisilo na kiingilio, siku moja ambayo Wahadzabe ndio wenyeji na sisi tuliobaki ni wageni wao.

Tarehe haikutusumbua. Tarehe 9 Agosti ni Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, na kwetu inaangukia kesho yake Nane Nane, watu wakiwa bado na furaha ya sikukuu. Vibali navyo vilipatikana. Kazi hasa ilikuwa kwenye kambi za Wahadzabe.

Kambi ya kwanza nilikwenda na ratiba imeshachapwa: saa nne kufungua, saa tano ngoma ya epeme. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo saa tano ni ya usiku?" Nikasema ya mchana. Akatikisa kichwa. Epeme huchezwa usiku usio na mwezi, moto umezimwa, wanaume wakicheza mmoja mmoja na manyoya ya mbuni kichwani na njuga mguuni, wanawake wakiimba humo gizani. Si kitu cha kuanikwa juani mbele ya spika. Nikaifuta pale pale. Halafu akaongeza: usiku wa tarehe hiyo hauna mwezi, kwa hiyo mkitutaka, mturudishe kabla jua halijazama.

Bibi aliyekuwa akiponda ubuyu juu ya jiwe hakuinua hata uso. "Sasa mwanangu, siku hiyo tukiwa kwenu, mizizi atatuchimbia nani?"

Swali hilo ndilo lililopangua bajeti yangu yote. Niliposema "bure" nilikuwa nikimfikiria mtazamaji tu. Mama anayekaa uwanjani kutwa hajachimba wala hajaokota kitu, na jioni watoto wanamtazama mikononi. Tukakubaliana kila kaya ilipwe siku yake. Wanawake ndio waliosema ilipwe kwa kitu gani: unga na mafuta ya kula, si fedha. Na pombe isikaribie uwanja, maana fedha za watalii wameshaziona zinakoishia. Nilikubali yote, na hadi leo naamini hicho ndicho kikao kilichofanya tamasha liwezekane.

Wahadzabe hawana chifu. Hakuna mmoja wa kukukubalia kwa niaba ya wote, kwa hiyo nilizunguka kambi nne kwa pikipiki na kuanza mazungumzo upya kila mahali. Kambi moja ilikataa. Sikurudi kuwabembeleza.

Wakulima wa vitunguu walichanga mchele na kuni, mfanyabiashara mmoja akatoa lori, dizeli tukajaza sisi. Kampuni moja ya utalii iliahidi kufidia pengo lote, ila wageni wake wakae mbele na wapige picha watakavyo. Tulikataa, nasi walimu tukachangishana. Sheria ya picha ilikuwa moja kwa mtalii na kwa jirani: muulize mwenyewe kwanza, na kama ni mtoto, muulize mama yake.

Wazo la kuwaita wahunzi wa Kidatoga lilitoka kambini. Wao ndio hufua vichwa vya mishale, na Wahadzabe huwalipa asali. Walikaa chini ya mgunga na mivukuto yao ya ngozi ya mbuzi, wakiyeyusha makufuli mabovu yawe bangili. Kulikuwa na shindano la kulenga shabaha kwa mishale ya mti mtupu. Ile ya chuma na sumu ilibaki kambini, na hilo nililihakikisha mwenyewe kwa sababu ya watoto.

Lakini watu walijaa kwenye lukuchuko, mchezo wa bahati wa Wahadzabe. Kila mchezaji ana kipande chake cha gome la mti, upande mmoja mkwaruzo, mwingine laini. Vyote hushikwa pamoja na kimoja kikubwa, vikarushwa kwenye shina la mti na kuanguka. Ukiwa wewe peke yako ambaye kipande chako kimelala sawa na kile kikubwa, umeshinda. Wanaume walikuwa wakishindania mishale, kimya kikitanda kabla ya kila mrusho. Pembeni alisimama yule mwanafunzi wangu aliyeitwa "Mtindiga", amezungukwa na wenzake wanane hivi. "Kitazame kikubwa kwanza!" aliwafokea, kisha akawarudishia neno la Kihadza lenye kidoko ambacho ndimi zao zilishindwa kukipiga. Walijaribu tena na tena, na yeye akirudia polepole, kama ninavyofanya mimi ubaoni.

Lori lilichelewa. Dereva alikuwa amepeleka mzigo na hakurudi hadi saa kumi na mbili kasoro. Nilihesabu magunia ya unga mara mbili huku nikiliangalia jua, nikijua ahadi niliyoitoa. Tulifika kambi ya mwisho kiza kikiingia. Wanawake walishuka na unga, mzee akanishika mkono, akamwomba dereva azime taa. Dereva akazima. Tulisubiri macho yazoee giza, kisha tukaondoka polepole bila mwanga mpaka barabara kubwa.