Condrieu, waini nyeupe ya mlimani

Huku Iringa ukimwambia mtu waini nyeupe anawaza kitu chepesi, kichachu, cha baridi kali, unashusha na kiu imeisha. Condrieu sio hiyo kabisa. Hii ni nzito, inajaa mdomoni, ukinusa tu glasi unakutana na mapichesi yaliyoiva hasa, maua, halafu kama asali hivi, ila ukionja chupa nyingi ni kavu, sukari hamna. Mara ya kwanza nilinusa muda mrefu kabla sijanywa.

Inatoka Ufaransa, kusini mwa Lyon, ukingoni mwa mto Rhône, na zabibu yake ni aina moja tu, Viognier. Mlima pale umesimama, trekta haipandi, kwahiyo wamejenga kuta za mawe ili udongo usishuke na karibu kila kitu kinafanywa kwa mkono, kupogoa, kupalilia, kuvuna. Chini ni mwamba wa granaiti, na sisi wa Gangilonga hapa Iringa tunaijua, udongo kiduchu, maji hayakai, mmea ujitafutie wenyewe huko chini. Mzabibu ukishazeeka unazaa vichala vichache, ila hivyo vichache ndo vinakupa ule uzito.

Na nusura ipotee yote jamani. Mdudu wa filoksera aliua mizabibu karne ya 19, Vita ya Kwanza ya Dunia ikachukua vijana, waliobaki wengi wakakimbilia viwandani maana ule mlima unavunja mgongo na hela haionekani, mpaka miaka ya 1960 eneo lote la Condrieu lilikuwa na hekta za mizabibu zisizofika 15! Mzee Georges Vernay, mkulima wa zabibu wa pale, akagoma kushuka, akaendelea kutunza mteremko wake wa Vernon na kuwashawishi wenzake warudi kupanda. Alifariki 2017, hekta zilishavuka 150. Huyu mzee namheshimu sana.

Ukiipata usiigandishe kwenye friji, harufu inafungika, nyuzi 12 hivi zinatosha, yaani Iringa mwezi wa saba iache tu dirishani usiku. Kunywa na kuku wa nazi, pilipili kidogo. Lebo ikisema "Vieilles Vignes" maana yake mizabibu mizee, ila sheria haisemi uzee unaanzia miaka mingapi, so muulize muuzaji. Na angalia mwaka kabla ya kulipa, mizabibu iwe mizee lakini waini yenyewe nyingi inanoga ikinywewa bado changa, uchachu wake ni mdogo haivumilii kukaa sana.