Kumbukumbu ya mradi: ofisi za teritwari na msitu wa Kivu kabla ya 1960

Mwezi wa pili

Jedwali limepata umbo. Kila mstari ni ofisi moja katika mwaka mmoja: jina lake wakati ule, makao yake, ilikuwa chini ya nani, na ilikuwa na mamlaka gani juu ya msitu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuanza kazi hii. Sisi wa Bukavu tunaishi kwa msitu. Makala ya kupikia yanatoka huko, mbao za nyumba za Kadutu zinatoka huko, na ugomvi juu ya mpaka wa mbuga ya Kahuzi-Biega hauishi. Ukifuata ugomvi wowote hadi mwanzo wake, mara nyingi unafika kwenye karatasi iliyotiwa sahihi kabla ya uhuru. Lakini ukiuliza karatasi ile ilitoka ofisi gani, unajibiwa tu kwamba ni ya Wabelgiji. Nataka jibu linaloonyesha mlango hasa na meza yenyewe.

Mifupa ya jedwali ni hii. Koloni la Kongo ya Wabelgiji lilipata Katiba yake tarehe 18 Oktoba 1908. Tarehe 28 Machi 1912 amri ya mfalme iligawa nchi katika wilaya 22, Kivu ikiwa mojawapo, na kila wilaya ikakatwa katika teritwari, yaani sehemu ndogo zaidi za utawala. Tangu hapo msimamizi wa teritwari akawa ndiye serikali machoni pa mtu wa kijijini. Alikusanya kodi, alihukumu, alihesabu watu, alisimamia barabara. Chini yake walikuwapo machifu, waliotambuliwa kwa dekreti (amri yenye nguvu ya sheria) ya tarehe 2 Mei 1910 na kuvishwa medali. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipanga upya ngazi hiyo yote: sheferi pale mwami, mtawala wa jadi, alipokuwa na ukoo wake wa utawala, na sekta pale makundi madogo yalipounganishwa pamoja. Sheferi ikapata na sanduku lake la fedha.

Mwezi wa tatu

Kazi ya mwezi huu ilikuwa kutafuta ofisi ya msitu. Katika ngazi ya teritwari sijaiona, na naanza kuamini kwamba kutokuwepo kwake ndiyo habari kubwa ya mradi mzima.

Juu kabisa msitu uliwekwa chini ya kilimo. Huduma ya kilimo ya koloni iliongozwa tangu 1910 na Edmond Leplae, mtu aliyeamini katika mazao ya lazima, na huyo alibaki katika usukani hadi 1933. Mwaka huo huo wa 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye makao Yangambi. Hapa kwetu ilikuwa na kituo Mulungu, ambacho leo ni cha INERA, mrithi wake. Watafiti walikuwa na miche na mizani, lakini amri juu ya ardhi haikuwa mikononi mwao.

Ukishuka hadi teritwari ya Kabare au Kalehe unamkuta agronomo, mtaalamu wa kilimo, na agronomo huyo alifanya kazi kando ya msimamizi wa teritwari. Yeye alijua miti, msimamizi alikuwa na askari, gereza na daftari la kodi. Kwa hiyo amri ya kupanda miti ilimfikia mwanakijiji kupitia mlango uleule uliomletea kodi. Dekreti ya 1933 iliruhusu kazi za lazima zilizoitwa za elimu hadi siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanamume, na ndani yake zilihesabiwa mazao, barabara na upandaji wa miti. Baada ya vita vya pili ikaja kampeni ya kupambana na mmomonyoko wa udongo katika milima ya Kivu: mifereji ya kukata mteremko, mistari ya majani, mikalitusi juu ya vilima. Nyingi ya mikalitusi hiyo tunaiona mpaka leo, au tunaona watoto wake.

Nimekaa na wazee kadhaa upande wa Kabare na Walungu. Mmoja aliniambia kwamba baba yake alichimba mifereji ile bila kuelezwa ni ya nini, na kwamba uhuru ulipofika watu waliiacha makusudi. Mimi ninamwamini. Kazi yenye faida inaweza kuchukiwa ikiletwa na mtu mwenye pingu mkononi, na nafikiri hata leo mradi wa miti ukifika kijijini ukiongozana na ofisa wa serikali, watu hawauoni mti kwanza.

Mwezi wa nne

Majina. Hapa msomaji wa karatasi za zamani awe macho.

Mji wetu uliitwa Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu. Mwaka 1933 koloni liligawanywa katika majimbo sita, na jimbo letu nalo likapewa jina hilohilo la makao yake makuu. Mwaka 1947 jimbo likaitwa Kivu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji ukarudishiwa jina la Bukavu. Kwa hiyo karatasi ya kati ya 1933 na 1947 ikisema "Costermansville", inaweza kuwa inasema mji, au inaweza kuwa inasema nchi nzima inayoanzia Rutshuru ikapita Uvira hadi Kindu, kwa sababu Maniema pia ilikuwa ndani. Ripoti ya mbao zilizokatwa "Costermansville" mwaka 1938 si lazima iwe na gogo hata moja la Kahuzi.

Nimeongeza safu mbili katika jedwali: moja ya jina lililoandikwa, nyingine ya eneo lenyewe kwa majina ya leo. Ni kazi ya polepole, lakini bila safu hizo jedwali lingedanganya watu.

Mwezi wa tano

Nimerudi maktaba ya Lwiro. Kituo kile kilijengwa na IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoanzishwa 1947, na kwangu ni mojawapo ya hazina kubwa za nchi hii. Nilikwenda kwa ajili ya sheria za ardhi, na zimenishughulisha mwezi mzima.

Mwanzo ni tarehe 1 Julai 1885. Francis de Winton, msimamizi mkuu wa Dola Huru la Kongo, alitia sahihi amri iliyosema kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya Dola. Dekreti ya 1906 ikafafanua ardhi ya wenyeji kuwa ile wanayokaa, wanayolima au wanayoitumia kwa desturi zao. Kisha mwaka 1928 Kivu ikapata Comité National du Kivu, chombo kilichopewa ardhi kubwa ili kiigawie walowezi. Kahawa, chai na kwinini zilizopandwa kandokando ya ziwa na juu kuelekea Tshibinda zinahusiana na mlango huo.

Na ni nani aliyeamua kwamba ardhi fulani haina mtu? Dekreti ya tarehe 31 Mei 1934 iliweka utaratibu wa uchunguzi: ofisa anakwenda mahali penyewe, anauliza majirani na machifu, anaandika hati. Ofisa huyo alikuwa mtu wa teritwari. Hapo ndipo mamlaka yote juu ya msitu yalipofungwa katika fundo moja. Mtu yuleyule aliyetakiwa kuwalinda wenyeji ndiye aliyepima kama wenyeji wapo, na alipima kwa jicho lililozoea shamba na nyumba. Shamba linaonekana, lakini njia ya mwindaji, mzinga wa asali na mahali pa kukata mianzi haviachi alama ambayo mgeni wa siku moja ataiona. Na aliyesikilizwa kwa kawaida ni chifu mwenye medali. Wambuti wa Kahuzi, wanaoitwa pia Batwa, hawakuwa na chifu mwenye medali wa kuwasemea.

Mwaka 1937 mlima Kahuzi ulifanywa hifadhi ya wanyama na msitu. Mwaka 1970 hifadhi ikawa mbuga ya taifa ya hektari 60 000, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hektari 600 000 kwa kuteremka upande wa magharibi. Batwa walifukuzwa katika miaka hiyo ya 1970, na hilo ni jambo la serikali yetu wenyewe baada ya uhuru. Lakini nikiweka ramani mbili pamoja naona kwamba mbuga ilikaa juu ya mahali ambapo karatasi zilikwisha kupafuta watu zamani. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliokiri kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Niliusoma nikiwa na hati za miaka ya 1930 kando yangu, na sikuona mpaka kati yake.

Mwezi wa sita

Mwezi mfupi. Nimeingiza dekreti ya tarehe 11 Aprili 1949, sheria ya kwanza iliyoshughulikia msitu kwa ukamilifu: ruhusa za kukata, misitu iliyohifadhiwa, adhabu. Iliendelea kutumika hadi Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002. Yaani Kongo ilitawala msitu wake kwa sheria ya mkoloni kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya bendera yake kushuka. Mtu anayeshangaa kwa nini mlinzi wa msitu anaogopwa zaidi kuliko anavyoheshimiwa aanzie hapo.

Mwezi wa saba

Vitabu vya mwaka vya koloni vinaorodhesha maofisa wa Kizungu kwa jina na cheo. Makarani, walinzi wa msitu, makapita (wanyapara) wa vitalu vya miche na moniteri (waelekezi) wa kilimo hawamo. Hao ndio waliotembea mpaka kwa miguu, wakajua ni jiwe gani na ni mto gani, na mara nyingi wao ndio waliotafsiri maneno ya wazee kwa yule aliyeandika hati. Jedwali langu kwa sasa linarudia kosa la vitabu vile, kwa sababu limejaa wasimamizi na halina hata kapita mmoja.

Naanza sehemu ya pili kwa ajili yao. Ninatafuta buku za kazi, vyeti, picha za mbele ya ofisi ya teritwari au kitalu, barua za kupandishwa cheo, kutoka Kabare, Walungu, Kalehe na Mwenga hasa. Sihitaji kubaki na karatasi: picha ya simu inatosha, na karatasi inabaki nyumbani kwenu. Jina la familia halitaandikwa mtu asipotaka. Ninachoandika ni cheo, mwaka, ofisi, na mahali alipofanya kazi. Kama baba au babu alisimulia mpaka ulivyowekwa, anza na hilo, hata kama mwaka haukumbukwi. Mwaka tutautafuta kwa jina la msimamizi aliyekuwapo wakati huo, maana hao tunao wote katika vitabu.

Upande wa Kalehe unasubiri kiangazi hiki, barabara ikiruhusu.