Kiwavi wa Mndimu Darasani

Mwalimu wa chekechea anayetaka kuwafundisha watoto namna wanyama wanavyokua hana haja ya kuanza na mchoro wa chura ukutani ikiwa kuna mndimu uani. Hapa Kisauni, kama ilivyo sehemu nyingi za Mombasa, kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga kwenye majani machanga ya mndimu, mlimau na mchungwa, yai moja moja. Tawi lenye yai hukatwa, likatiwa katika chupa ya maji iliyozibwa mdomo kwa pamba ili kiwavi asizame, kisha likafunikwa kwa kipande cha chandarua. Mti usiwe umepuliziwa dawa, na miguu ya meza isimame ndani ya vikopo vya maji, kwa maana chungu hawachelewi.

Yai huanguliwa baada ya siku 6 hivi, na hapo ndipo somo hasa linapoanza. Kiwavi mchanga ni mweusi mwenye baka jeupe, na mtoto wa kwanza kumwona darasani kwangu alisema, "Mwalimu, ndege amenyea jani." Nilifurahi mno, kwa sababu alikuwa ameona kile kile ambacho ndege mwenye njaa hukiona, akapita zake. Wenzake walipopewa kalamu za rangi walichora viwavi wanene wa kijani, kama walivyowazoea vitabuni. Niliwarudisha kwenye jani mmoja mmoja, kila mtu ashike lenzi na aeleze anachokiona kabla ya kugusa rangi. Naamini kwa dhati kwamba kazi yetu kwa watoto wa umri huu ni hiyo: kuwazoesha kuchora kilichopo leo, hata kama picha waijuayo ni nyingine. Kijani huja baadaye, kiwavi akishajivua ngozi mara kadhaa na kukaribia urefu wa milimita 45. Ukimgusa wakati huo hutoa nyuma ya kichwa pembe yenye panda mbili na harufu kali, na darasa zima huziba pua.

Mwishowe kiwavi hugeuka pupa, yaani hujifunga ndani ya ganda ambamo hubadilika kuwa kipepeo, na pupa hiyo hukaa wiki 2 hadi 3 bila kuonyesha lolote. Mzazi anayedhani kazi hii ni mchezo mimi humweleza habari za Gede, karibu na Malindi, ambako tangu mwaka 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo.

Si kila pupa hutoa kipepeo. Wapo wanaotobolewa na nyigu wadogo waliokulia ndani yao, na sioni sababu ya kuwaficha watoto jambo hilo. Lilipotokea kwetu walihuzunika, wakauliza maswali mengi, kisha wakataka kujua nyigu hao nao hutaga wapi na wanapoanguliwa wanafanana na nini, nasi tukaanza kuwatafuta.