Kituo kinachojua kusema "leo tumejaa"

Jumapili usiku.

Kesho ni Jumatatu, siku ambayo dada wa kazi aliyekwenda kwao kusalimia huwa harudi. Anapigiwa saa 11 alfajiri, hapatikani. Ikifika saa 1 baba na mama wote wanatakiwa wawe njiani, na mtoto wa miezi 14 yuko sakafuni anachezea kifuniko cha sufuria. Hapa Dar es Salaam hakuna mtaa usiolijua jambo hili. Kwa hiyo leo naandika kuhusu vituo vya kulelea watoto mchana, hasa vile ambavyo, mbali na watoto wao wa kila siku, humpokea pia mtoto wa siku moja kwa dharura.

Wazazi wengi huuliza, "Mnapokea mtoto wa siku moja?" Wakijibiwa ndiyo, roho inatulia. Mimi naona swali zito ni linalofuata: ni siku gani mnamkataa? Walezi wawili wenye watoto wanane wa chini ya miaka miwili wamefika mwisho. Mlezi mmoja kwa watoto wanne wa umri huo ni mzigo tosha, na watatu ni afadhali zaidi. Akiongezwa wa tisa na wa kumi kwa sababu mama yao amekuja analia getini, anayeumia si mgeni peke yake. Kuna mwenzake atakaa na nepi iliyolowa, na kuna mwingine ataachiwa chupa mdomoni amelala chali, apaliwe. Kituo kilichopangwa vizuri huacha nafasi moja au mbili wazi, au humpa mgeni nafasi ya mtoto aliyetoa taarifa kuwa haji. Ndiyo maana watakuambia upige simu jana yake jioni, au kabla ya saa 1 asubuhi. Wakikujibu "wewe mlete tu, wakati wowote", hapo mimi nasita.

Kahesabuni wenyewe. Nendeni saa 5 hadi saa 6 mchana, muda wa chakula na kulala, kisha mrudi siku nyingine saa 11 jioni, walezi wanapoanza kuondoka. Hesabuni walezi walio na watoto mikononi. Mpishi na mlinzi wa geti hawamo. Magodoro yalingane na watoto. Wachanga walazwe chali. Ndoo na majaba ya maji yawe na vifuniko visivyofunguliwa na mtoto, kwani mtoto wa mwaka mmoja huzama kwenye maji machache sana, na bila kelele. Nepi zibadilishwe mbali na chakula, na mlezi anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza mtoto mmoja. Halafu ombeni kuona daftari la mahudhurio. Je, watoto wa siku moja wanaandikwa humo, saa ya kuingia na ya kutoka? Moto ukizuka, mtoto asiye daftarini hakuna atakayegundua kwamba hayupo kwenye hesabu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe. Cheti kinatakiwa kuwepo, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuulizwa kama kituo kinatambulika.

Kosa linalowatesa watoto zaidi ni kumpeleka kwa mara ya kwanza siku ileile ya dharura. Kati ya miezi 8 na 18 mtoto huogopa sana kuachwa. Sura ngeni, harufu ngeni, usingizi wa mahali pageni, yote kwa asubuhi moja: atakataa uji, atalia hadi sauti ikauke, na mlezi mmoja atafungwa naye kutwa. Mzoesheni mapema. Siku ya kwanza akae kwa muda wa saa moja, mzazi akiwa pale pale. Ya pili akae kwa muda wa saa mbili bila mzazi, baada ya kumuaga waziwazi, si kumtoroka. Ya tatu ale na alale huko. Baada ya hapo nusu siku kila mwezi inatosha kumfanya asisahau. Zilipieni siku hizo kwa moyo mmoja.

Fomu nayo ijazwe siku hizo hizo za utulivu: nakala ya kadi ya kliniki yenye chanjo, namba mbili za simu, dawa zinazomdhuru, jina analoitwa nyumbani, neno analotumia akitaka kukojoa. Kuhusu mzio, semeni wazi. Uji wa lishe mara nyingi una karanga na soya, na mpishi hatajua msipomwambia.

Kuhusu fedha, pigeni hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, ada ya mwezi ni 120,000 na siku moja ni 10,000. Mkifika siku 12, mmelipa mwezi mzima bila kuwa na uhakika wa nafasi. Dada akiondoka moja kwa moja, hamieni mara moja ada ya mwezi.

Siku mtoto anayougua, mlango huu umefungwa, na ni haki ufungwe. Joto la nyuzi 38 au zaidi, kuhara, kutapika: hapo anatakiwa shangazi, bibi, au ruhusa ya kazini. Panadol ya maji ya saa 12 asubuhi huisha nguvu kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Homa inarudi, simu inaita, na wenzake wameshashika midoli ileile.

Jingine ni mto Msimbazi. Mvua kubwa ikijaza Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa, na mzazi aliyeko Posta hamfikii mtoto aliyeko Magomeni. Kwa hiyo kituo kiwe upande alipo mtu wa pili anayeweza kumchukua, hata kama si karibu sana na nyumbani. Jina la mtu huyo liwe kwenye fomu, aonyeshe kitambulisho, na pawe na neno la siri kati yenu na kituo. Dereva wa bodaboda aliyetumwa ghafla asipewe mtoto, hata mkipiga simu kumwombea.

Mfuko wa dharura ukae nyuma ya mlango: nepi sita kwa saa kumi, jozi mbili za nguo, khanga anayolalia, chupa yenye jina. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yawekwe kwenye kibegi chenye barafu, na mlezi ayatie frijini yakifika. Kwa joto letu, yakikaa mezani tangu asubuhi, kufika mchana si ya kumpa mtoto tena.